Fundi wa Mifuko ya Siri

Kazini walimwita Bi Subana. Subana ni kile kikofia cha chuma ambacho mafundi cherehani huvaa kidoleni ili sindano isiwachome, na yake haikuvuliwa ila kukung'utwa vumbi na kurudi kidoleni. Alikula nayo, alipokea simu nayo, na siku moja alikwenda nayo msibani, akashtukia tu pale alipoinua mikono kuomba. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye mabega mapana, na mikono yenye kasi kuliko ulimi wake, ingawa ulimi nao haukuwa mzembe.

Alikuwa anashona sare za shule. Wanawake sita walikaa katika chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, kila mmoja na cherehani yake, na Bi Subana alikaa mwisho kabisa, penye mwanga. Kazi ngumu zilisukumwa kwake: kola, zipu, na hasa mifuko. Mfuko akiushona yeye, ungepitisha kiganja juu ya nguo usijue uko wapi. Alifundishwa na shangazi yake, mwanamke mkali aliyekuwa akimfumulisha mshono mara tano bila kumwambia kosa liko wapi, mpaka alione mwenyewe.

Mifuko hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye Chama cha Mazingaombwe.

Chama kilikuwa na watu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekula kwa mazingaombwe. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, na mpaka watu wazima wenzake walimwita Mwalimu. Alikuwepo kinyozi mmoja mwenye mdomo. Alikuwepo karani wa posta, ambaye ndiye aliyekuwa katibu, na wote walimwita Posta. Alikuwepo pia mtengenezaji wa meno ya bandia, waliyemwita Daktari kwa heshima, naye kila mara akiwakumbusha kwamba yeye si daktari. Walikutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la rangi. Mle ndani mlikuwa na meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha kijani, viti vya aina tatu tofauti, na ubao ulioachwa na darasa lililohama. Harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na watu. Mgeni alijulikana kwa kupiga chafya.

Miaka kumi na mmoja nyuma, Mwalimu alileta koti lake pale wanakoshona sare. Alitaka mfuko mahali pasipowekwa mfuko, kwa ndani, chini ya kwapa la kushoto, mdomo ukitazama chini. Wale wanawake wengine walitazamana. Bi Subana hakuuliza ni wa nini. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Kitakachoingia ni kizito au chepesi?"

Mwalimu alimtazama juu ya miwani. "Chepesi. Na kitoke bila kuvutwa."

"Basi mdomo tuulaze, Mwalimu. Tukiusimamisha kitakwama."

Tangu siku hiyo wanachama wote wakawa wateja wake. Kila Jumamosi ya kwanza alikwenda juu ya duka la rangi saa nane na nusu, futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni, akawapima, akawajaribisha, akawarekebishia. Saa tisa kamili Mwalimu alifungua mlango kwa adabu zote na kusema, "Asante sana, Bi Subana. Sasa tunaanza." Sheria ya Chama ilisema asiyekuwa mwanachama hakai.

Basi anashuka. Lakini kuna siku alisimama katikati ya ngazi, akijifanya anafunga kiatu. Kutoka juu alisikia kicheko, kisha kimya, kisha makofi. Akajua kuna mfuko wake mmoja umefanya kazi, ila hakujua upi, wala umetoa nini. Miaka kumi na mmoja ameshona mifuko ya siri na hajawahi kuuona hata mmoja ukitumika. Alikuwa kama mpishi anayefukuzwa jikoni kila siku kabla watu hawajaonja.

Jumamosi moja, Mwalimu alipofungua mlango, Bi Subana hakutoka.

"Mwalimu, naomba leo nikae. Nikae kimya tu, kwenye kile kiti kibovu."

Mwalimu alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa mtu wa kanuni. "Bi Subana, nikikuruhusu wewe, kesho mke wa Kinyozi atataka kukaa, na keshokutwa mama mkwe wake."

"Huyo msimruhusu," Kinyozi alisema.

"Anayetaka kukaa hufanya mtihani," Mwalimu aliendelea. "Anatuonyesha kiinimacho kimoja. Kila mwanachama anaandika kwenye karatasi jinsi kilivyofanyika. Nusu yetu tukipatia, ameshindwa, arudi baada ya miezi sita."

Alilisema hilo kama mtu anayefunga mazungumzo. Bi Subana alichomeka pini zake kwenye kimto chake cha kitambaa, moja baada ya nyingine.

"Haya. Niandikeni."

Mara ya kwanza alishindwa vibaya. Alichagua kiinimacho cha uzi, kwa sababu uzi ndio aliouzoea. Anaukata vipande vipande, anaviviringa, anavuta, uzi unatoka mzima. Alijifunza miezi mitatu. Siku yenyewe vidole havikumsaliti, uzi ulitoka mzima kabisa, naye akasimama akisubiri. Posta akasoma karatasi. Zote kumi na moja ziliandikwa kitu kimoja, nyingine kwa maneno yale yale.

"Mama, hicho babu yangu alikifanya," Kinyozi alisema, "naye alikikuta."

Wakacheka. Naye alicheka, akauviringa uzi wake. Alishuka ngazi bila kusimama katikati.

Nyumbani alimkuta mumewe anapika. Mumewe alikuwa mwashi, mtu mrefu mwenye mikono iliyokakamaa kwa saruji, na zamu ya jikoni ya Jumamosi ilikuwa yake.

"Wamekukatalia?"

"Wamepatia wote. Hata Posta, na alikuwa anasinzia."

"Ah." Mwashi aliinua vifuniko viwili vya sufuria. "Hao watu, mke wangu, wanajua kila kitu kinachoonekana. Mimi nikijenga ukuta, mtu anaona lipu. Ndani nondo zimekaa vipi, najua mwenyewe. Chumvi umeiweka wapi?"

Hakusema vile kwa kutaka kumfundisha. Kweli alikuwa anatafuta chumvi. Lakini Bi Subana alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Kati ya watu wote wa kile chumba, nani alijua ndani ya makoti yao kuna nini? Wao walijua mifuko. Nguo yenyewe, kile kilicholala kati ya kitambaa cha juu na bitana ya ndani, hawajawahi kukiona. Aliyekijua alikuwa mmoja tu.

"Chumvi iko nyuma ya chai," alisema hatimaye. "Nisikilize."

Mwezi uliofuata Mwalimu alileta koti lake. Bitana ilikuwa imechanika kwapani. Lilikuwa koti la kahawia alilovaa kwenye kila mkutano bila kukosa, jua au mvua. Bi Subana alilitandaza mezani na kulitazama muda mrefu. Haikuwa desturi yake kuweka kwenye nguo ya mteja kitu ambacho mteja hakukiomba, na jambo hilo lilimkera kidogo. Akajiambia kwamba Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemwambia afanye kiinimacho, na hakusema kifanyike wapi.

Alichukua kifungo cha mbao, cha kahawia, chenye matundu manne. Akakimegua ukingo kwa koleo ndogo. Kile kibanzi kilichomeguka, kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga, alikiweka kando. Kifungo chenyewe akakishonea ndani ya koti, chini, upande wa kushoto, kati ya kitambaa na bitana. Akafunga bitana kwa mishono midogo hata shangazi yake asingepata pa kumfumulisha.

Kibanzi kikaenda kuishi ndani ya subana, kimegandishwa kwa nta kidogo ili kisichezecheze.

Mpango wake ulikuwa hivi. Atakuja na kopo la vifungo, vyote vya mbao, vyote vya kahawia, ndugu wa tumbo moja. Mtu achague kimoja. Yeye akimegue mbele ya macho yao, na kibanzi ampe mtu akifumbate. Ila kibanzi atakachompa hakitakuwa cha kifungo kile. Kitakuwa kile cha kwenye subana. Kisha kifungo kipotee, na kipatikane pale kisipoweza kupatikana, kikiwa na pengo linalolingana na kibanzi kilichokuwa ndani ya ngumi ya mtu muda wote.

Kubadilisha vibanzi ndiko kulikokuwa kazi. Kila siku baada ya chakula alifanya mazoezi mbele ya mumewe, aliyekaa kwenye stuli na kukodoa macho kama mlinzi wa geti.

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Kidole cha tatu kimetoroka."

Wiki baada ya wiki, nimeona, nimeona. Mwashi hakumwonea huruma hata mara moja, na mkewe alimshukuru kwa hilo, si kwa maneno. Mwezi wa nne mwashi alikuna kidevu.

"Rudia."

Akarudia.

"Sijaona."

"Usinidanganye, baba watoto."

"Nikudanganye ili iweje? Sijaona. Rudia tena."

Mwezi wa tano almanusura mambo yaharibike. Mwalimu alipita pale karakana ya sare, akasimama mbele ya cherehani ya Bi Subana akipapasa ubavu.

"Bi Subana, hili koti siku hizi kama linanielemea upande mmoja."

Wenzake waliinua macho. Bi Subana aliendelea kukanyaga cherehani, mguu haukubadili mwendo.

"Ni bega lako la kushoto, Mwalimu. Limeshuka. Hata mimi langu limeanza."

Mwalimu alijitazama kwenye kioo, akashusha pumzi, akakubali uzee wake na kwenda zake.

Siku ya mtihani chumba kilikuwa na joto, na duka la chini lilikuwa linachanganya rangi. Bi Subana alivaa gauni alilojishonea mwenyewe. Lilikuwa na mfuko mmoja wa siri kwenye mkono wa kulia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kujishonea mwenyewe kile alichowashonea wenzake miaka yote.

Aliweka kopo mezani. "Daktari, naomba msaada wako."

"Mimi si daktari," alisema Daktari, akasogea.

Wengine walishangaa kimoyomoyo. Katika watu kumi na mmoja, amemchagua yule ambaye kazi yake kutwa nzima ni kutazama nyufa za meno na kuzioanisha. Lakini Bi Subana alikuwa amemtaka huyo huyo. Daktari akisema kibanzi kimeoana, hakuna atakayebisha.

Daktari alipekua kopo, akatoa kifungo kimoja, akakigeuza, akamkabidhi. Bi Subana alichukua koleo, akabana ukingo. Ta. Kibanzi kikaanguka kiganjani mwake.

Sasa ndipo subana ilipotakiwa kufanya kazi, na haikufanya. Joto lilikuwa limelainisha nta, kibanzi kimenata ndani kabisa. Alisukuma kwa kidole, hakikutoka. Watu kumi na mmoja wanaojua mikono walikuwa wanatazama mikono yake.

Akafanya kile ambacho kila fundi hufanya mara mia kwa siku bila kujua. Aliivua subana, akaigonga kiganjani, kama mtu anayekung'uta vumbi, akaivaa tena. Walikuwa wamemwona akifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Hakuna aliyeona jambo. Kibanzi cha ndani ya subana kilikuwa kimeanguka mkononi mwake, na kile kipya kimekwenda zake kwenye mfuko wa siri.

"Fumbata, Daktari. Usifungue hata nikikuomba."

Daktari alifumba ngumi. Bi Subana alikiweka kifungo kwenye leso, akaikunja, akaikunjua. Leso ilikuwa tupu. Hapo wachache walitikisa vichwa kwa huruma, maana kupoteza kitu kwenye leso ni somo la kwanza la Chama. Kinyozi alikuwa ameshaanza kuandika.

"Bado, kaka," Bi Subana alimwambia. "Weka kalamu. Mwalimu, naomba uvue koti."

Mwalimu alivua. Bi Subana hakuligusa. Alirudi nyuma hatua mbili, mikono nyuma, akamwomba Posta ampe Mwalimu mkasi.

"Fumua bitana mwenyewe. Chini, upande wa kushoto. Usijali, nitaishona."

Mwalimu alishika mkasi kama mtu aliyeambiwa akate sikio lake. Mshono mmoja ukakatika, wa pili, wa tatu. Akaingiza vidole viwili, akasimama hivyo hivyo, vidole vimo ndani ya koti.

"Kuna nini?" Posta aliuliza.

"Kuna kifungo," Mwalimu alisema taratibu. "Kimeshonewa."

Walilisogelea koti wote. Kifungo cha mbao, cha kahawia, kimeshikwa kwa uzi uliozungushwa mara nane, mshono wa mtu asiyekuwa na haraka. Ukingo wake una pengo. Daktari alifungua ngumi. Alitoa miwani ya kazi mfukoni, akaivaa, akashika kibanzi kwa ncha za vidole, akakisogeza penye pengo kama anavyosogeza jino penye ufizi. Akakigeuza. Akakaza macho. Chumba chote kilisubiri, na chini kule mashine ya kuchanganya rangi ilikuwa inanguruma.

"Ni chake," Daktari alisema. "Ni chenyewe kabisa."

Wakaandika. Waliandika muda mrefu, wakakata, wakaandika tena. Posta alipokusanya karatasi na kusoma, sita walikuwa wameandika kwamba vifungo vilikuwa viwili, lakini wote sita walikwama kwenye kibanzi. Mmoja aliandika kwamba Daktari alikuwa kwenye njama moja naye, na Daktari alipolisikia hilo alikasirika kweli. Kinyozi alikuwa ameandika kwamba koti lilibadilishwa kwenye ngazi. Nyingine zilikuwa na alama za kuuliza.

"Hao sita," Posta alisema, "tuwahesabie?"

"Nusu ya jibu si jibu," Mwalimu alisema. "Nimesahihisha hesabu miaka thelathini na tano, hilo siwezi kulibadilisha leo. Soma ya mwisho."

Posta aliikunjua ya mwisho, akatazama mwandiko, akamtazama Mwalimu.

"Imeandikwa, Sijui."

"Ni yangu," Mwalimu alisema. Alikuwa anatabasamu, koti lake lenye tumbo wazi limemning'inia mkononi. Akaenda mwenyewe mpaka ukutani, akavuta kiti kizuri, siyo kile kibovu, akakiweka mezani. "Karibu ukae, mwanachama."

Bi Subana alikaa. Akalivuta lile koti na kuanza kurudishia bitana huku mkutano unaendelea. Kinyozi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuonyesha. Alisimama mbele yao katika koti jeusi, akapuliza kiganja, akachomoa leso nyekundu hewani. Ikafuatwa na ya njano, ya bluu, ya kijani, zikimwagika bila kukwama wala kusita. Wengine walitazama leso. Bi Subana alitazama mahali zinapotokea, chini ya kwapa, ule mdomo alioulaza mwenyewe miaka mitano iliyopita, akabishana naye juu ya upana wake mpaka Kinyozi akasalimu amri. Mdomo haukufunguka hata uonekane. Leso zilikuwa zinateleza tu, kama maji.

Sindano ilisimama mkononi. Akamgusa Daktari aliyekaa pembeni yake.

"Ule mfuko ni wangu," alinong'ona.

"Tunajua," Daktari alinong'ona. "Sisi sote huku ni wako."

Alifika nyumbani jioni hiyo akitembea kama mtu aliyerefuka. Mumewe alimtazama usoni, akaenda kuchukua vikombe.

Siri ile hawajaijua mpaka leo. Kwa kuwa Bi Subana hasemi, waliamua kumzunguka mumewe. Posta alimfuata mahali wanapojenga ghorofa, akamsalimia, akasifu ukuta, akazunguka weee, mwisho akauliza lile la kibanzi.

"Mimi, ndugu yangu, ni mtu wa matofali," mwashi alimjibu. "Mambo ya vitambaa siyaelewi."

Posta alipoondoka, mwashi aliwaambia vibarua wote, mmoja mmoja, kwamba yule bwana ni katibu wa Chama cha Mazingaombwe, chama kizima cha wanaume kumi na mmoja, na amekuja mpaka hapa kwenye vumbi kwa sababu ya mke wake. Kisha akapanda ngazi na kuendelea kupanga matofali, akipiga mluzi.

Bi Subana bado anashona sare. Mwaka huu wanachama ni kumi na wanne, na wale wawili waliokuja baada yake wanatoka karakana ile ile ya sare. Mwalimu macho yamepungua nguvu, hivyo meza ya mtihani anaikalia Bi Subana. Wanasema ni mkali. Mtu akishindwa, hamwambii amekosea wapi; anamwambia arudie pale pale, tena na tena, mpaka alione kosa mwenyewe.